Njia ya Gunia na Njia ya Mtu



Msimu unakaribia, na karibu barua zote zilizofika ofisini mwezi huu zauliza juu ya bei, majamvi na mikopo. Mambo hayo tutayajibu mahali pake. Hapa twataka kusema juu ya wenzetu wasioandika barua: walioanguka mikarafuuni wakaumia mgongo au miguu, wasioona, wasiosikia, na waliozaliwa na ualbino. Wengi wao ni wanachama kama sisi. Mikarafuu wanayo, na karafuu zao hupimwa kwa mizani ile ile. Lakini mkutanoni hatuwaoni, na kituoni twamwona ndugu au mtoto aliyetumwa badala yao.

Fikira yetu twaieleza mapema. Mwenye ulemavu hazuiliwi na mwili wake peke yake. Mara nyingi zaidi huzuiliwa na ngazi, mlango, jua na karatasi, yaani vitu vilivyojengwa au kupangwa na watu, na ambavyo watu waweza kuvipanga upya. Kuvipanga upya ni kazi ya chama, wala si sadaka ya mtu mmoja mmoja.

Mkulima wa karafuu hana haja ya kuelezwa jinsi ulemavu unavyoingia nyumbani. Mkarafuu mkubwa hufika futi 40 kwenda juu. Matawi yake ni mepesi kukatika, na karafuu zenyewe hutoka kwenye ncha, mahali ambapo tawi ni jembamba kuliko kote. Ikinyesha mvua usiku, gome huteleza asubuhi. Mchumaji aliyeondoka kambini na mwili mzima huweza kurudishwa jioni juu ya machela. Na asiyepanda mti naye atazeeka, macho yatafifia na magoti yatakaza. Kwa hivyo hapana mwanachama awezaye kusema kwamba khabari hii ni ya watu wengine.

Katika Sensa ya mwaka 2022, Tanzania ilionekana kuwa na watu wenye ulemavu asilimia 11.2 ya wote wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Katika kila watu 100 wa umri huo, 11 wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Basi tukikaa mkutanoni watu 100 na tusimwone hata mmoja, yatupasa tujiulize kwa nini hawakufika.

Sasa twawaomba wanachama watufuate mpaka mbali kidogo, Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela, mjini Mwanza. Yuko atakayeuliza, Kirumba na karafuu wapi na wapi? Tumepata kufika huko, na twasema kwamba hatujaona mahali bara panapofanana na kazi yetu kuliko pale. Ufukweni Kirumba ndiko liliko soko la Mwaloni, soko kubwa la samaki na dagaa wa Ziwa Viktoria. Wanunuzi hufika kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wao wana dagaa, sisi tuna karafuu. Wao huanika na sisi huanika, nao kama sisi hulitazama wingu kwa wasiwasi. Wanawake ndio wengi katika kuanika, kama walivyo wengi kwetu katika kuchambua. Na mwisho wa yote kwao ni kama kwetu: gunia, mizani, karani na risiti.

Mji wenyewe ni wa mawe. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya vilima vya majabali, na njia za kuziendea hupita baina ya mawe, juu na chini. Mwenye magongo huko hupimwa na ardhi kabla ya kupimwa na watu. Lakini ardhi si yote. Katika soko lolote la mizigo, Mwaloni au bandarini kwetu, tazama jinsi watu wanavyohangaika na mzigo. Huweka ubao baina ya chombo na nchi kavu ili mchukuzi apite. Penye shimo hutia kifusi ili mkokoteni usikwame, na palipo na kipandio huegemeza ubao ili gurudumu lipande. Hufanya hivyo bila mkutano na bila fungu maalumu la fedha, kwa sababu kila mtu ajua kwamba gunia halina miguu. Akija mtu ambaye miguu yake haimchukui, watu wale wale humtazama kwa huruma na kusema, "Maskini, hawezi kuingia." Gunia likishindwa kuingia, huonekana kuwa njia ni mbovu. Mtu akishindwa, kosa hutupiwa mwili wake.

Liko jambo jingine la kujifunza kwa waanika dagaa. Zamani dagaa walianikwa chini, mchangani na juu ya mawe. Mabwana samaki wakafundisha kujenga vichanja vya miti na nyavu, vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ili dagaa wasiingie mchanga na wapate bei nzuri. Vichanja hivyo vilijengwa kwa ajili ya usafi wa dagaa, wala hapana aliyemfikiria mtu asiyeweza kuchutama. Lakini kichanja kilichofika kiunoni chamfaa mwanamke mwenye maumivu ya goti, mjamzito, na mzee. Kikishushwa kidogo, chamfaa aliyekaa juu ya kiti cha magurudumu. Kazi ile ile, dagaa wale wale, ila kimo kimebadilika, na mtu aliyehesabiwa hawezi sasa anaweza. Je, meza ya kuchambulia karafuu yatushinda kuijenga?

Dagaa wa Kirumba husafiri mpaka Kongo. Na huko Kongo, katika mpaka wa Goma na Gisenyi, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha mizigo ya biashara kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baiskeli hizo hubeba mzigo ambao mwenye miguu miwili hawezi kuutwaa kichwani, na wafanyabiashara wanawatafuta ili wawachukulie bidhaa zao. Hao si watu waliokaa kungoja kupewa. Walipata chombo cha kuwafaa na njia ya kukipitisha, wakaingia kazini.

Lakini Mwanza na mikoa jirani yake imeifundisha nchi hii somo jingine, zito zaidi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, mikoa ya Ziwa ilipatwa na mauaji ya watu wenye ualbino, kwa uwongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta mali. Watoto walikatwa mikono wakiwa hai. Wengine wengi waliondolewa makwao wakapelekwa kukaa penye ulinzi, kama skuli ya Mitindo huko Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga, na Kabanga mkoani Kigoma. Kuta hizo ziliokoa roho za watu. Lakini mtoto aliyelindwa kwa ukuta amelindwa mbali na mama yake, mbali na shamba atakalorithi na majirani atakaoishi nao. Ulinzi wa kweli ni siku atakaporudi kijijini na majirani wawe ndio ukuta wake.

Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Bi Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa Mbunge. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua kwa kura zao Bwana Salum Khalfani Barwany, naye ana ualbino. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya watu hao duniani kote. Hayo ni mambo mema. Lakini hata panga lilipotulia, jua halikutulia. Saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino wakiwa bado vijana, nayo haina kelele wala haiandikwi katika kurasa za mbele za magazeti. Dawa yake ya kwanza si ya spitali. Ni kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua kama yale yanayotengenezwa KCMC huko Moshi, na kivuli. Tena wengi wao hawaoni vizuri mbali. Mtoto akikalishwa nyuma darasani huhesabiwa mjinga, na akiletwa mbele husoma.

Sasa turudi mashambani kwetu. Kazi ya karafuu baada ya kuchuma ni kazi ya jua: kuanika, kugeuza, kulinda jamvi, kuanua mvua ikitisha. Mtu mwenye ualbino akipewa kazi ya kulinda jamvi kutwa bila banda, amepewa kazi na ugonjwa pamoja. Banda la makuti kando ya sakafu ya kuanikia lajengwa kwa siku moja. Huyo ndiye tunayemsahau tunaposema "walemavu" na kufikiria magongo peke yake.

Kuna wanaosema kwamba sheria zipo, kwa hivyo tungoje Serikali. Ni kweli sheria zipo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tarehe 13 Disemba 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2006, kisha ikatunga nyingine mwaka 2022. Sheria ya Bara ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Lakini sheria haibebi zege. Sheria haitakuja shambani Jumatatu asubuhi kuinua meza au kupanua mlango. Atakayefanya hayo ni mwenye mlango.

Wengine wamebadilisha maneno wakadhani wamemaliza. Lugha yetu ilimweka kipofu, kiziwi na kiwete pamoja na kiti na kikapu, katika ngeli ya vitu. Leo twasema asiyeona, asiyesikia, mwenye ulemavu, na ni vyema, kwa kuwa mtu ni mtu. Lakini anayeitwa kwa jina zuri huku amesimama chini ya ngazi bado yuko chini ya ngazi.

Tumesikia pia wanaosema, "Ni majaaliwa ya Mungu, na jamaa zake wanamtunza." Hapana anayebishana na majaaliwa. Lakini ngazi haikushuka kutoka mbinguni. Waliosoma chuoni wajua kwamba Sura ya 80 yaanza na khabari ya mtu asiyeona aliyekuja kutaka elimu, naye Mtume akaonywa kwa kumgeukia mbali na kuwashughulikia wakubwa. Mtu huyo, Ibn Umm Maktum, hakuachwa akae pembeni baada ya hapo. Alikuwa mwadhini, na Mtume alimwachia Madina alipokwenda safari. Alipewa kazi na amana.

Ama kuhusu jamaa, twawashukuru wanaotunza wenzao, na wengi hufanya hivyo kwa moyo safi. Lakini hapa ndipo penye hatari ambayo chama hakiwezi kuinyamazia. Mtu asiyeweza kufika kituoni humtuma ndugu. Mwaka wa kwanza ndugu hutia sahihi kwa niaba yake, na mwaka wa pili karani humzoea. Mwaka wa tatu risiti hutoka kwa jina la ndugu, kwa kuwa ndiye anayejulikana. Na mwenye shamba akifa, watoto wake hukuta kwamba kwa maandishi baba yao hakuwa na kitu. Vile vile asiyeona huambiwa uzito wa karafuu zake na mtu mwingine, na asiyesikia hukabidhiwa fedha bila kuelezwa zimekatwa nini. Mtu aweza kupoteza mali yake hivyo pasipo mwizi yeyote kuvunja mlango. Kwa hivyo tunaposema juu ya ngazi na milango twasema juu ya haki ya shamba, ya risiti na ya kura.

Baada ya maneno hayo, twataka kupeleka mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matano. Twaomba kila tawi liyajadili kabla ya msimu.

La kwanza, mkutano wa tawi lolote usifanywe ghorofani wala mahali pasipofikika kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu. Kama jumba ni la ngazi tu, kivuli cha mwembe chatosha. Mambo ya kujadiliwa yasomwe kwa sauti na yaandikwe pia kwa herufi kubwa ubaoni. Kura za mikono zikihesabiwa, hesabu itajwe kwa sauti na iandikwe, ili asiyeona na asiyesikia wapate khabari ile ile wakati ule ule. Asiyesikia aruhusiwe kuja na mtu anayejua lugha ya alama, naye mtu huyo asihesabiwe kuwa mgeni wa kutolewa nje.

La pili, tuviombe vituo vyote vinavyopokea karafuu zetu, na sisi wenyewe tuyajengee maghala yetu, njia ya mteremko penye vipandio. Kipimo kinachotumika sana ni futi 12 za kwenda mbele kwa kila futi moja ya kwenda juu. Kipandio kimoja cha inchi 6 chataka mteremko wa futi 6. Vipandio vitatu vya namna hiyo vyataka futi 18. Mteremko mfupi kuliko huo huwa mkali, na mwenye kiti cha magurudumu hurudi nyuma. Mlango uwe na upana wa inchi 36. Kando ya mizani liwekwe benchi.

La tatu, karani anayepima ataje uzito kwa sauti, auandike mbele ya mwenye mali, na asome risiti yote kabla ya sahihi au alama ya kidole. Hili halina gharama hata ya senti moja, nalo litawafaa pia wasiojua kusoma na wenye macho yaliyozeeka.

La nne, kazi za kukaa zigawiwe kwa haki. Kuchambua, kupima pishi, kuandika hesabu za wachumaji na kulinda jamvi penye banda ni kazi ambazo aliyeanguka mkarafuuni aweza kuzifanya vizuri, kwa kuwa aijua karafuu tangu mtini. Alipwe pishi kwa pishi kama mwingine yeyote. Malipo ya nusu kwa kisingizio cha huruma ni dhuluma.

La tano, jina la mwanachama lisibadilishwe katika daftari kwa sababu ya maradhi au ulemavu, ila yeye mwenyewe akiwapo, au wajumbe wawili wa tawi wakiwa wamekwenda nyumbani kwake kumsikiliza. Chama kiwe na daftari la wanaowakilishwa, na kila mwaka, kabla ya msimu, mwenye mali aulizwe kama bado amridhia anayemwakilisha.

Hapana shaka mtu atauliza juu ya fedha. Mapendekezo matatu katika hayo hayataki fedha. La banda lataka makuti na siku moja ya vijana. La mteremko lataka saruji, kokoto na mchanga, na hilo ndilo lenye gharama. Lakini kumbukeni mkokoteni. Mteremko utakaompitisha mwenzetu ndio utakaopitisha gunia bila kulibeba mgongoni, na mchukuzi wa miaka 50 atashukuru kila siku ya msimu. Wala hatusemi vituo vyote vijengwe mwaka mmoja. Kila tawi lianze na pahala pamoja, pale ambapo wanachama wengi zaidi hukwama.

Jambo la mwisho ni la adabu tu, lakini lina uzito. Msiyapange haya bila wao. Katibu wa tawi asikae na fundi wakakisia kimo cha meza. Amwendee mwanachama mwenyewe, amwulize anapokwama ni wapi na angependa paweje. Tumeuliza wachache, na majibu yao yalikuwa mafupi na ya maana kuliko tulivyotazamia: mmoja alitaka kamba ya kushikia kwenye njia ya chooni, mwingine alitaka tu kuambiwa mapema mkutano utakuwa wapi.

Daftari za matawi zitapokelewa ofisini mpaka wiki mbili kabla ya Mkutano Mkuu. Kila tawi liandike majina ya wanachama wake ambao hawakuonekana kwa msimu mzima, na sababu. Kisha mtu wa tawi aende kwa miguu yake mpaka nyumbani kwao akawaalike. Wakija, tuhakikishe wanaweza kuingia.